Jambazi wa Sinema na Jirani Yetu

Labda mtashangaa: katekista ana shauri gani na majambazi wa sinema? Hata hivi nawaambieni kwamba napenda filamu za zamani za Marekani, zile zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Nimezitazama nyingi, tena nimeona kwamba zote hazisemi na moyo wa mtu kwa namna moja.

Tuanze na majambazi. Tangu mwaka 1920 mpaka 1933, sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Watu hawakuacha kunywa. Basi waliouza pombe kwa siri walitajirika, wakanunua bunduki, na hata polisi wengine walinunuliwa. Mji wa Chicago ukajulikana duniani pote kwa ajili ya Al Capone. Wenye kutengeneza filamu walizisoma habari hizo magazetini, wakatoa filamu tatu zinazokumbukwa mpaka leo: Little Caesar na The Public Enemy za mwaka 1931, na Scarface ya mwaka 1932.

Njia yao ni moja. Mtu mdogo anapanda, anavaa suti nzuri, watu wanamwogopa, kisha anaanguka. Rico wa Little Caesar, anayechezwa na Edward G. Robinson, anapigwa risasi na polisi nyuma ya tangazo kubwa la barabarani. Tom wa The Public Enemy, anayechezwa na James Cagney, analetwa nyumbani maiti, amefungwa kama mzigo, anaanguka ndani mlango unapofunguliwa. Saa ile ile mama yake yuko juu, anamtandikia kitanda kwa furaha. Kitanda kile kinaniumiza moyo kuliko risasi zote.

Je, mwisho mbaya kama huo unatosha kumfundisha kijana? Wazazi na mapadri wengi wa Marekani waliona hautoshi. Kijana aweza kusahau kifo na kushika suti. Sisi Wakongo tunajua neno hili: katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walitazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakaiga mavazi yao na mwendo wao.

Mwaka 1930 Padri Daniel Lord, Mjesuiti, alisaidia kuandika kanuni za filamu za Marekani. Kanuni moja ilidai watazamaji wasivutwe kuwa upande wa mkosaji. Kwa miaka michache haikushikwa vizuri. Tangu mwaka 1934 ikashikwa kwa nguvu.

Mwaka 1938 ikatoka filamu Angels with Dirty Faces. Watoto wawili walikua pamoja mtaani: mmoja akawa padri, mwingine, Rocky, akawa jambazi. Vijana wa mtaa wanamtukuza Rocky. Alipohukumiwa kufa katika kiti cha umeme, padri anamwomba jambo gumu: afe akilia kama mwoga, ili vijana wasitake kumfuata. Rocky anakataa. Lakini saa ilipofika, analia na kupiga makelele. Aliogopa kweli, au alitupa heshima yake kwa ajili ya watoto? Filamu haisemi. Padri yule alijua kwamba kumwua jambazi ni rahisi kuliko kumtoa katika mioyo ya vijana.

Wakati wa vita ya pili ya dunia namna nyingine ya filamu ikaonekana. Mwaka 1946 Mfaransa Nino Frank aliziita film noir, maana yake filamu nyeusi. Zilirithi kwa majambazi wa kwanza mji, usiku na bastola. Vilevile zilipata kitu kwa mabwana kama Fritz Lang, Billy Wilder na Robert Siodmak, waliotoka Ujerumani mwaka 1933 Hitler aliposhika utawala. Hao walijua kutumia giza na kivuli ili kuonyesha hofu ya moyo.

Tazameni filamu ya Wilder ya mwaka 1944, Double Indemnity. Walter Neff si mtu wa genge. Ana kazi safi ya kuuza bima, ni mcheshi, kila mtu angemkaribisha nyumbani. Anakwenda kwa mteja, anamkuta mke wake. Anarudi mara ya pili. Mwishoni wawili hao wanamwua mume ili wapate fedha ya bima. Vivuli vya mapazia ya vibao vinaanguka juu yake kama nondo za gereza, naye bado hajafungwa na mtu.

Na ni nani anayetafuta ukweli wa kifo kile? Ni Keyes, rafiki yake wa kazini, anayechezwa na Edward G. Robinson, yule yule aliyekuwa Rico! Miaka 13 imepita. Uso wa jambazi umekuwa uso wa mwenye haki, na mwuaji ni kijana mpole wa ofisi.

Hapo naona faida ya filamu nyeusi. Mbele ya Rico naweza kusema kama Mfarisayo hekaluni: Mungu, asante, mimi si kama huyu. Mbele ya Neff maneno hayo yananikwama kooni. Yeye alianza kwa ziara moja tu.

Neff anasimulia makosa yake yote usiku, amejeruhiwa, akisema ndani ya mashine ya kunasa sauti. Mashine inashika kila neno, lakini haiwezi kumwondolea hata moja. Sisi tunaye wa kutuondolea, tena mapema, wakati ziara ni moja bado.

Basi, wazazi, watoto wenu wakitazama filamu za namna hii, kaeni nao. Ikiisha, msiwaulize jambazi alikufaje. Waulizeni alianzia wapi.