Elimu ya Gurudumu

Kazi nyingi hupimwa kwa kuonekana kwake. Tabibu huonekana ubavuni pa mgonjwa, mwalimu mbele ya darasa, wakili mahakamani. Mhandisi wa matairi haonekani popote. Elimu yake imo chini ya gari, katika vipande vinne vya mpira, na kila kimoja hugusa barabara kwa eneo lililo karibu na kiganja cha mkono. Abiria huketi juu ya elimu hiyo bila ya kuijua, na huikumbuka siku tairi lipasukapo.

Mwaka uliopita huko Kighare, katika milima ya Upare, binti wa kaka yangu, aliyekwisha kuhitimu uhandisi wa mitambo, aliwaambia wazee kwamba nia yake ni utafiti wa matairi. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza, "Mwanangu, elimu yote hii kwa ajili ya mpira?" Halikuwa swali la dhihaka. Liliulizwa na watu waliouza kahawa na ndizi ili kulipa karo, nao walikuwa na haki ya kujua wamenunua nini.

Jibu limo katika barabara ya milima ile. Gurudumu lizungukapo, kila sehemu ya tairi hubonyea igusapo ardhi, kisha hurudia umbo lake. Lakini mpira haurudishi nguvu yote uliyopewa; sehemu yake hubaki ndani kuwa joto. Upepo ukipungua, kubonyea huzidi, joto huzidi, na matabaka yaliyoshikamana huanza kuachana. Tairi lipasukalo tambarare pengine lilianza kufa mlimani.

Mtafiti huishi kati ya matakwa matatu yasiyopatana. Dereva hutaka tairi lishike barabara yenye maji; mwenye gari hulitaka lidumu; mlipaji wa mafuta hulitaka liwe jepesi kuviringika. Ukimridhisha mmoja kwa pupa, humwudhi mwingine. Charles Goodyear alipopika mpira na kiberiti mwaka 1839, na John Boyd Dunlop alipotia upepo katika magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe katika miaka ya 1880, walianzisha kazi isiyokwisha. Hans Pacejka, mhandisi wa Uholanzi aliyeishi tangu 1934 hata 2017, alitumia maisha yake kutafuta hesabu ya kueleza jinsi tairi lisukumavyo ardhi katika kona na katika breki. Umri mzima kwa kiganja cha mpira! Wala haukupotea, kwa kuwa waunda magari duniani huitumia hesabu hiyo.

Upare si mgeni wa elimu ya namna hii. Washana waliyeyusha chuma milimani humo zamani, na jembe lao lilijaribiwa na mawe ya shamba. Mhunzi aliyejua kwa nini chuma huvunjika alikuwa mtafiti, ijapokuwa hakuitwa hivyo.

Nchi yetu nayo ilikuwa na mlango wa elimu hii. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliasisiwa mwaka 1969, kwa ubia wa Serikali na kampuni ya Marekani, kikaanza kutoa matairi mwaka 1971. Kilikuwa na mashamba ya mpira Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii mitambo ilinyamaza. Hasara ya matairi hulipwa kwa kuagiza mengine. Hasara ya mikono iliyojua kuyaunda haiagiziki bandarini.

Binti yule aliniuliza, "Baba mdogo, nguvu ile ibakiyo ndani ya mpira ikawa joto, tuiiteje kwa Kiswahili?" Nilipendekeza "upotevu wa mrudio", naye akalipima neno kama apimavyo mpira: alilikunja, akalinyosha, akasema litafaa mpaka lipatikane bora. Hapo ndipo nilipoona kazi yake na yangu zinakutana. Wazee walimpa baraka zao, lakini walimpa na sharti: arudi kuwaeleza, kwa lugha yao, kila atakachokigundua. Sharti hilo ni zito kuliko mtihani wowote wa chuo, nami naliona la haki. Elimu iliyolipiwa na kijiji haijakamilika mpaka kijiji kiielewe.