Upepo wa Texas, Jua la Garissa

Texas ndilo jimbo la Marekani linalochimba mafuta mengi kuliko mengine yote, na ndilo pia linalozalisha umeme mwingi zaidi wa upepo. Mambo hayo mawili, ambayo mgeni kutoka Garissa, Kenya, angedhani hayapikiki chungu kimoja, yameunganishwa na ardhi. Magharibi mwa jimbo hilo sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi, ambao kwa vizazi wamezoea kuikodisha kwa kampuni za mafuta na kupokea mrabaha, yaani fungu la mapato analolipwa mwenye mali, hivyo wakulima wa pamba wa Roscoe, ambako mradi wa megawati 781 ulikamilika mwaka 2009, walitia saini mikataba ya upepo wakijua maswali ya kuuliza. Serikali nayo iliamua, kwa sheria ya mwaka 2005, kwamba nyaya za msongo mkubwa zitangulie na mitambo izifuate.

Kenya ilianzia upande wa pili: huko Marsabit, mitambo 365 ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ilikuwa imekwisha kusimama mwaka 2017, ilhali laini ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa ilikamilika mwaka 2018, na umma ukabebeshwa fidia ya umeme usiosafiri.

Garissa ilichagua jua. Kituo chake cha megawati 50, kilichojengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa Desemba 2019, kilikuta mji umekwisha kuunganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, lakini Wajir na Mandera ziliachwa na jenereta za dizeli inayoletwa kwa malori. Eneo lisilochimba hata pipa moja likawa mateka wa mafuta kuliko wenye visima.

Hata hivyo, mkataba wa Roscoe hauwezi kuhamishiwa huko ulivyo, kwa kuwa malisho ya ngamia hayana mwenye hati mmoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya baraza la jamii, lakini ardhi isiyosajiliwa hubaki chini ya udhamini wa kaunti, na fidia yake hushikiliwa huko mpaka jamii ijisajili.