Nyanya, huyu ni nani?

MZAZI, ukiwa na mtoto katikati ya Nairobi na miguu imechoka, kuna pa kuketi kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Unalipa ada ndogo langoni, unapata nyasi, miti na viti. Wafanyakazi wa afisi huja hapo mchana kupumzika, wengine wakisinzia kabisa.

Hapo ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani. Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7 ilifunguliwa mwaka 2001.

Jumamosi nilienda na mpwa wangu wa miaka minane, pamoja na mama yangu, ambaye hakuwa amewahi kuingia. Mwaka 1998 mama alikuwa karani kwenye jengo la karibu. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, nimeachwa nyumbani na yaya.

Ilikuwa Ijumaa, yapata saa nne u nusu asubuhi. Kwanza kulisikika mlio wa guruneti, watu wakakimbilia madirishani kutazama. Kisha bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawapata usoni. Hapa Nairobi watu 213 walifariki na takriban 5,000 wakajeruhiwa, wengi wao macho. (Siku hiyo hiyo Dar es Salaam walifariki 11.) Nikiwa mwandishi wa afya, hilo la vioo huniuma zaidi. Mfundishe mtoto: ukisikia mlipuko, usiende dirishani, lala chini mbali na kioo.

Mama hakwenda dirishani kwa sababu alikuwa ameshika simu. Mwenzake wa meza ya pili alienda.

Kuna makumbusho yenye picha za siku ile. Mtoto hatukumwingiza, na sijutii. Ukuta wa majina ulitosha. Mama aliupitia polepole, kisha akaweka kidole juu ya jina moja, akanyamaza.

"Nyanya, huyu ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nimewahoji washauri nasaha wengi kuhusu namna ya kumweleza mtoto kifo, na maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Mama akanitangulia.

"Tulikuwa tukinywa chai pamoja."

Mpwa wangu akafikiri kidogo.

"Alikuwa anaweka sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu," mama akasema, akicheka huku akijipangusa macho na leso. "Na bado analalamika haijakolea."

Tulikaa hapo hadi walinzi walipoanza kufunga.