Mfalme Yuko London, Je, Amri Iko Wapi?

Sarafu aliyonipa mpwa wangu ilikuwa mpya, ikimetameta. Upande mmoja kulikuwa na kangaruu watano wakiruka. Nilipoigeuza nikakutana ana kwa ana na Mfalme Charles wa Uingereza.

"Mjomba, beba hii uende nayo nyumbani uwaonyeshe watoto," aliniambia.

"Na wakiniuliza huyu mzee ni nani, nitawajibuje?" nilimwuliza. "Kama nchi hii ni huru, mfalme wa Waingereza anatafuta nini katika pesa zenu?"

Alicheka. Kisha akaniambia nivae koti zito, twende mjini nikajionee mwenyewe.

Tulikuwa Canberra, mji mkuu wa Australia, mwezi wa Julai mwaka wa 2024. Msomaji, usidanganywe na zile picha za fuo na jua kali. Julai huko ni katikati ya kipupwe. Asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, na mtu akizungumza mvuke humtoka kinywani kama sufuria ya chai. Mimi niliyezoea kulalamikia baridi ya Limuru nilinyamaza kimya.

Nilikuwa nimesafiri kumshuhudia mpwa wangu akichukua uraia. Siku ya sherehe nilitega sikio nisikie atakavyolitaja jina la mfalme katika kiapo chake. Sikulisikia. Tangu mwaka wa 1994, mgeni anayepewa uraia wa Australia huahidi kuwa mwaminifu kwa nchi hiyo na watu wake, basi. Lakini mbunge anapoingia bungeni, huyo lazima aape kwamba atakuwa mtiifu kwa mfalme. Kwa hivyo binti aliyetoka Kenya hamwapii mfalme, ila mbunge atakayemwakilisha humwapia! Fumbo hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Canberra ni mji uliojengwa kwa sababu ya ugomvi. Makoloni sita ya Uingereza yalipoungana na kuwa nchi moja tarehe 1 Januari 1901, Sydney na Melbourne zote zilitaka kuwa mji mkuu. Ikaamuliwa kwamba ujengwe mji mpya kati yao. Leo una barabara pana, miti mingi, na ziwa la kuchimbwa lililopewa jina la Walter Burley Griffin, Mmarekani aliyeuchora mji huo.

Ng'ambo ya ziwa yapo majengo mawili ya bunge. Moja liko juu ya kilima, lenye mlingoti mkubwa wa bendera. Hilo hutumika tangu mwaka wa 1988. Chini yake kuna jengo jeupe lisilo refu, lililotumika kuanzia mwaka wa 1927 hadi lilipojengwa lile jipya. Sasa ni jumba la makumbusho. Mpwa wangu alinipeleka moja kwa moja kwenye ngazi zake.

"Mjomba, simama hapa," alisema. "Hapa ndipo watu walipojiuliza swali lako."

Ilikuwa tarehe 11 Novemba 1975. Waziri Mkuu alikuwa Gough Whitlam wa chama cha Labor, aliyechaguliwa na wananchi. Wapinzani wake walikuwa na nguvu katika Seneti, nayo Seneti ikagoma kupitisha fedha za serikali. Serikali ilikaribia kuishiwa. Ndipo Gavana Mkuu, Sir John Kerr, aliyekuwa mwakilishi wa Malkia Elizabeth, alipomwita Whitlam nyumbani kwake na kumkabidhi barua ya kumfuta kazi. Kiongozi wa upinzani, Malcolm Fraser, akateuliwa kushikilia uongozi hadi uchaguzi. Bunge la Wawakilishi lilipiga kura kuonyesha kwamba halikuwa na imani na Fraser, lakini haikufaa kitu. Jioni katibu wa Gavana Mkuu alisimama kwenye ngazi zile akasoma tangazo la kuvunja bunge, akamaliza kwa kumwombea Malkia ulinzi wa Mungu. Whitlam, aliyekuwa nyuma yake, akauambia umati kwamba Gavana Mkuu naye hakuna kitakachomwokoa.

Mtu yeyote angedhani mkono wa London ulikuwa umevuka bahari. Mambo hayakuwa hivyo. Kerr alikuwa Mwaustralia. Tena aliyempendekeza kwa Malkia apewe cheo hicho ni Whitlam mwenyewe! Spika alipomwandikia Malkia kumwomba aingilie kati, alijibiwa kwamba mamlaka hayo ni ya Gavana Mkuu kwa mujibu wa katiba ya Australia. Barua walizoandikiana Kerr na kasri zilifichwa kwa miaka mingi, hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi uliofungua njia zitolewe mwaka wa 2020. Zilionyesha kwamba Kerr alikuwa amejadiliana na katibu wa Malkia kuhusu mamlaka hayo, lakini hakumwarifu Malkia mapema kwamba angeyatumia siku hiyo.

Basi kikulacho ki nguoni mwako. Uchaguzi ulipofanywa mwezi wa Desemba mwaka huo, wananchi wengi walimpa Fraser kura. Hata hivyo jeraha lilibaki: mtu mmoja asiyechaguliwa na yeyote aliweza kumng'oa kiongozi wa nchi kwa karatasi moja. Mamlaka hayo hayajafutwa katika katiba hadi leo.

Kisheria, Australia ilijifungua kutoka kwa Uingereza polepole, fundo moja baada ya jingine. Mwaka wa 1942 ilikubali rasmi sheria iliyozuia bunge la London kuitungia sheria bila idhini yake. Mwaka wa 1986 zilianza kutumika sheria zilizokata mshipa wa mwisho: London haiwezi tena kuitungia Australia sheria hata ikiombwa, na kesi za majimbo haziendi tena kukatiwa rufaa Uingereza. Mwaka wa 1999 mtu aliyechaguliwa kuwa seneta wa Queensland alipoteza kiti kwa kuwa alikuwa bado na uraia wa Uingereza. Mahakama Kuu ilisema Uingereza ni nchi ya kigeni. Mfalme wao anapotia sahihi jambo la Australia, hutia sahihi kama Mfalme wa Australia, kwa ushauri wa mawaziri wa Australia.

Mwaka huo huo wananchi waliulizwa katika kura ya maamuzi kama wangependa nchi iwe jamhuri. Takriban asilimia 55 walikataa. Si wote waliokataa walikuwa wapenzi wa Malkia. Pendekezo lilikuwa kwamba rais ateuliwe na bunge, na wapo waliotaka kumchagua wenyewe. Walihofia kumtoa Malkia aliye mbali na kuwapa wanasiasa walio karibu nafasi yake.

Hapo nilikumbuka nyumbani. Vijana wengi hawajui kwamba Kenya nayo ilikuwa chini ya Malkia baada ya uhuru. Kuanzia tarehe 12 Desemba 1963, Mzee Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, naye Malcolm MacDonald akiwa Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia Elizabeth. Hali hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Tarehe 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri, Mzee akawa Rais. Ndiyo maana tunaiita Jamhuri Dei.

Tulishangilia, na ilistahili. Lakini tukumbuke pia yaliyofuata. Katiba ilirekebishwa mara kwa mara na nguvu zikarundikwa katika ofisi moja. Mwaka wa 1982 sheria ikaruhusu chama kimoja pekee. Taji lilikuwa limeondoka zamani, ila raia aliyefungwa kwa kusema neno hangeweza kujisifu kwamba yuko huru. Tulisubiri hadi mwaka wa 2010 kupata katiba inayosema katika kifungu chake cha kwanza kwamba mamlaka makuu ni ya wananchi.

Tulipokuwa tukiondoka, niliona mahema na mabango kwenye nyasi zilizoelekeana na zile ngazi. "Hawa nao ni akina nani?" niliuliza.

"Huo ni ubalozi, Mjomba," alijibu bila kutabasamu.

Tarehe 26 Januari 1972, siku ambayo Australia husherehekea kufika kwa Waingereza mwaka wa 1788, vijana wanne wa wenyeji asilia walisimika mwavuli wa ufuoni mahali hapo. Serikali ilikuwa imekataa kutambua haki yao ya ardhi. Walisema kwamba ikiwa wao ni wageni katika nchi ya babu zao, basi wanahitaji ubalozi kama wageni wengine. Mwavuli uligeuka mahema, na ingawa yalibomolewa na polisi, yalirudi. Mwezi wa Oktoba 2023, wananchi waliulizwa kama katiba iwatambue wenyeji hao na kuwapa chombo cha kulishauri bunge. Takriban asilimia 60 walikataa.

Nilikuwa nimesharudi Nairobi Mfalme Charles alipozuru Canberra mwezi wa Oktoba 2024. Seneta Lidia Thorpe, mwenyeji asilia, alimpigia kelele mbele ya wageni wote kwamba yeye si mfalme wake. Nilimkumbuka mpwa wangu na lile hema.

Watoto walipoiona sarafu, waliuliza swali lile lile nililotarajia. Niliwaambia kwamba ndiyo, Australia ni huru: sheria zake hutungwa kwake, na kesi zake huishia kwake. Mfalme ni kivuli. Lakini kivuli hicho kimempa mtu mmoja rungu ambalo hakupigiwa kura alishike, nao waliokuwa wa kwanza kufika katika nchi hiyo bado wanalala hemani mbele ya bunge wakidai ardhi yao.

Mdogo aliichukua, akaigeuza upande wa kangaruu.

"Na sisi Baba," aliuliza, "pesa zetu hazina mfalme. Sisi wote tuko huru?"

Bado sijamjibu. Msomaji, wewe ungemwambiaje?