Kasha la Gitaa la Nyuzi Kumi na Mbili

Katika mtaa wa Kangemi, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, yuko mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye kwa miaka mingi aliliweka gitaa lake juu ya kabati, limeviringishwa katika blanketi. Alilinunua mwaka 1971 kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Si gitaa la kawaida la nyuzi 6, bali ni la nyuzi 12 zilizopangwa jozi jozi. Katika jozi 4 za sauti nene, uzi mmoja ni mnene na mwenzake ni mwembamba, naye hulia juu yake kwa oktava moja. Katika jozi 2 zilizobaki, nyuzi zote mbili hulingana. Ndiyo sababu mtu mmoja akilipiga, aliye nje ya nyumba hudhani wapigaji ni wawili. Kwa gitaa la namna hiyo Huddie Ledbetter wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la Lead Belly na kufariki mwaka 1949, alijipatia sifa kubwa.

Mzee huyo alizaliwa katika nchi ya Waluhya, na utotoni alizisikia nyimbo za George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Mtindo ule ni wa kidole gumba na kidole cha shahada, huku mwenzake mpigaji akigonga chupa ya soda. Alipopata gitaa lake aliujaribu mtindo huo juu ya nyuzi 12, na kwa miaka mingi hapakuwa na harusi ya jamaa zake ambayo hakuipigia. Kisha maradhi ya viungo yakamshika, vidole vikakauka, na gitaa likapanda juu ya kabati. Aliyeuliza habari zake alijibiwa kwa maneno mawili: “Akiba haiozi.”

Basi mjukuu wake wa kike akaanza kujifunza gitaa. Kila Jumamosi alikwenda katika chuo cha muziki kilicho karibu na Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, akapigia gitaa la kuazima. Siku moja akasema, “Babu, nipe lile lako nikajifunzie.” Mzee hakukataa, wala hakukubali. Akasema, “Mjukuu wangu, matatu zinajaa watu na mvua hainyeshi kwa hodi. Nitafutie kwanza kasha linalolitosha, nami nitakupa.” Alisema hivyo kwa moyo mtulivu, kwa kuwa aliamini kasha kama hilo halipatikani.

Wakapanda matatu katika barabara ya Waiyaki, wakapita Westlands, wakashuka mjini. Walianza katika barabara ya Moi, wakaingia Luthuli, wakateremka hadi River Road, ambako biashara ya muziki ni ya siku nyingi. Mwenye duka la kwanza akawauliza, “Mzee, gitaa lenyewe lina urefu gani?” Hawakuwa na jibu. Walikuwa wametoka nyumbani kutafuta nguo ya mtu wasiyempima. Wakarudi Kangemi mikono mitupu.

Jioni ile walilishusha gitaa, wakalilaza juu ya kurasa za gazeti zilizogundishwa, na msichana akachora mzingo wake kwa kalamu. Kisha wakapima: tangu ncha ya kichwa hadi kitako, inchi 43, upana wa chini, inchi 16, kiuno, inchi 10, unene wa tumbo, inchi 5. Mzee aliyashika yale magazeti akastaajabu, kwa maana katika miaka yote hiyo hakuwa amejua kwamba gitaa lake ni refu kuliko mengine. Sababu yake ni kichwa: funguo 12 haziwezi kukaa mahali pa funguo 6, hivyo kichwa hurefushwa.

Waliporudi mjini na karatasi yao, mambo yalionekana waziwazi. Makasha magumu waliyoyakuta yalikuwa ya gitaa la nyuzi 6, nayo yalipungua inchi moja na nusu. Muuzaji mmoja akawaambia kwamba kichwa kikisukumwa kidogo kitaingia. Mzee akatikisa kichwa, na hakukosea. Kasha jema hulishika gitaa kwa mwili wake na huiegemeza shingo kutoka chini, lakini kichwa hukiacha huru, kisiguse chochote. Kasha likianguka na kichwa kimegusa ubao, pigo lote hukiendea kichwa, na shingo hukatika hapo. Duka jingine lilikuwa na kasha kubwa lililolipokea gitaa bila taabu, lakini kiuno kilichezacheza ndani yake kama punje katika kibuyu. Mifuko ya kitambaa ilikuwa tele na bei yake nafuu. Mfuko huzuia vumbi na manyunyu. Goti la abiria haulizuii.

“Umeona?” mzee akasema. “Halipo.” Msichana aliisikia furaha katika sauti ile, akanyamaza mpaka walipofika nyumbani. Ndipo akasema, “Babu, kisichouzwa hutengenezwa.”

Jumamosi iliyofuata walikwenda Kawangware, wakafuata barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, wakatokea barabara ya Ngong, ambako maseremala huanika vitanda na makochi yao kando ya njia. Fundi mmoja aliitazama karatasi, akakiri kwamba hajapata kutengeneza kasha la gitaa, lakini akaomba kuliona gitaa lenyewe. Mzee akalifungua blanketi polepole.

Fundi hakutazama sura yake. Aliinama, akachukua kipande cha karatasi, akakisogeza nyuma ya daraja, yaani kile kipande cha mti kinachozishika nyuzi juu ya tumbo. Karatasi ikapenya chini yake kama barua chini ya mlango.

“Mzee, nyuzi hizi mlizilegeza lini?”

Hazikuwa zimelegezwa hata siku moja. Nyuzi 12 zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, na hazipumziki usiku wala mchana. Gitaa lilikuwa limelala juu ya kabati, joto la mabati likilishukia na unyevu wa masika ukikaa katika blanketi, na gundi ikaachia kidogo kidogo. Fundi akasema kwa heshima, “Mzee, fedha ndiyo akiba isiyooza. Mti uliovutwa hivi huvunjika ukiwa umelala.”

Mzee hakujibu. Akalegeza nyuzi zote mwenyewe, moja baada ya moja, kwa vidole vile vigumu, na mjukuu wake hakumharakisha.

Daraja liligundishwa upya na fundi wa magitaa mjini. Seremala naye akatengeneza kasha kwa plaiwudi nyembamba, akalipinda kufuata kiuno. Ndani aliweka sponji, na juu yake mahameli iliyonunuliwa katika barabara ya Biashara. Chini ya shingo aliweka mto mdogo, na nyuma ya kichwa akaacha nafasi ya kidole kimoja. Kifuniko kilipata bawaba tatu na makomeo matatu, nacho hakikugusa nyuzi. Walipolijaribu, fundi alilifunga, akalisimamisha, akalilaza ubavu, akalitikisa karibu na sikio la mzee. Hapakuwa na sauti yoyote. Kasha lililofaa halikugharimu hata nusu ya bei ya kitanda.

Usiku ule mzee alikaa na kasha miguuni pake. Ahadi yake ilikuwa imetimizwa na mwingine, na udhuru wake ulikuwa umekwisha. Alitambua kwamba kwa miaka yote alidhani analihifadhi gitaa, kumbe alikuwa akilificha. Kilichofichwa hakina haja ya kasha, kwa kuwa blanketi hukitosha. Kasha ni la kitu kinachotoka nyumbani na kutazamiwa kurudi.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha. Mzee alilibeba kasha mwenyewe hadi kituoni, akamwusia msichana asiliache ndani ya gari juani, kwa maana joto huilainisha gundi, na azilegeze nyuzi kila anapomaliza. Kondakta aliona kasha akataka nauli ya kiti cha pili. Mzee akailipa bila kubishana, jambo lisilo desturi yake. Msichana akalisimamisha kati ya magoti yake, na gari likashika njia ya mjini.

Mzee alirejea nyumbani akiwa amelowa. Alilichukua lile blanketi juu ya kabati, akalikung'uta vumbi, akalitandika kitandani.