Chumba cha Vidonda, Likoni

Miaka yangu ya mwisho ya uuguzi niliifanyia katika chumba cha kufungia vidonda, Likoni. Wenzangu walikikwepa kwa harufu. Mimi nilikipenda, maana humo nilijifunza kuijua kazi ya mtu kwa kumtazama mguu. Waliokuja walikuwa mabawabu, makuli wa bandarini, wakaanga viazi karai: watu wa kusimama kutwa.

Kidonda chao kilikuwa na mahali pake, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Kipana, hakina kina, kinatoa maji yanayolowesha bandeji hadi kiatu. Ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu, na ikifika jioni mguu umevimba.

Mama mmoja wa Mtongwe, muuza mahamri, alikuja na chake amekinyunyizia unga wa kapsuli za dukani, umegandamana na usaha.

“Sista, sukari nimepima, sina. Basi nimekanyaga nilichotegewa.”

“Mama, hukutegewa. Ni mishipa.”

Damu ikishafika unyayoni ina safari ya kupanda. Misuli ya tafu huisukuma kila unapopiga hatua, na vilango vidogo ndani ya mishipa huizuia isirudi. Vilango vikilegea, kwa kurithi, kwa mimba nyingi, kwa unene au kwa damu iliyowahi kuganda mguuni, damu hutuama chini, ngozi hudhoofika na kupasuka. Hapo ukioshe kidonda utakavyo, chanzo kingali ndani.

Kwanza nilitafuta pigo la damu juu ya wayo, kwani mguu usiofikiwa na damu vizuri ukikazwa unaweza kufa. Nilipolipata, nilimfunga bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, nikamwambia akikaa auinue mguu. Kisha nikamwandikia barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wazee huiita Makadara. Alisita. Feri haimtozi aendaye kwa miguu, lakini foleni yake ni ya kusimama, na siku ya hospitali ni siku isiyo na mahamri wala pesa. Sikumlaumu, nilimsihi.

Alikwenda. Alipimwa mishipa, ule mbovu ukafungwa, kidonda kikakauka. Siku hizi huvaa soksi za kubana, hata wakati wa joto la Januari.

Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa 450 wenye vidonda kama hivi. Waliotibiwa mishipa mapema, pamoja na kufungwa bandeji za kubana, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Waliocheleweshewa matibabu hayo, siku ya 82. Nilifurahi kuyaona matokeo hayo kwenye maandishi, kwani nilikuwa nimewaona wengi waliokaa na kidonda miaka, wakibadilishiwa shashi tu.

Msomaji, kidonda cha mguu kikipita wiki mbili bila kupungua, usikiongezee unga. Omba upimwe mishipa, na usiondoke bila barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji.