Mpangaji na Mlango Wake

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Huku Eastlands, jijini Nairobi, kompyuta nyingi ni ex-UK, zilizokwisha kutumika katika ofisi za watu kabla ya kufika kwetu, na zile za zamani Windows 11 inazikataa. Inataka sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ni nzima na skrini inawaka vizuri, lakini mwenyewe anaambiwa atafute nyingine.

Mshonaji mmoja wa sare za shule, mteja wangu wa siku nyingi pale Kariobangi, aliniletea yake. Kazi yake hasa ni nembo. Anazichora kwa programu ya kudarizi, anazihifadhi katika faili za DST, kisha anazipeleka kwa flashi hadi kwenye cherehani ya kudarizi. Programu hiyo aliilipia pesa nyingi, nayo inakubali Windows tu. Mengine yote, ankara, barua pepe, hesabu za duka, mfumo mwingine, Linux, ungeyafanya bila taabu.

"Kwa hivyo kijana wangu," akaniuliza, "hii moja ndiyo imenifunga?"

Ilikuwa hiyo moja tu. Na swali lake nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu wengi wetu tumefungwa hivyo hivyo. Tuna jambo moja tusiloweza kuliacha, na kwa ajili yake tunaacha mengine yote yapangwe upya.

Nilimwekea Linux, na ndani yake VirtualBox. Ni programu iliyoanzia kwa kampuni ya Kijerumani ya Innotek na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Leo iko mikononi mwa Oracle. Inaunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi. Diski yake kwa kweli ni faili moja kubwa, na memori yake ni fungu ulilolikata kutoka kwenye memori yako. Windows ikiingia humo inafanya kazi kana kwamba mashine yote ni yake. IBM walikuwa wakifanya hivyo kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960.

Mtu wa Eastlands hapati shida kuelewa hili. Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa Dandora, ploti zipatazo 6,000. Watu walipewa kiwanja chenye choo na maji, wajijengee vyumba wenyewe. Wakajenga, wakapangisha. Hadi leo, katika ploti nyingi, mfereji ni mmoja na choo ni kimoja, lakini kila mpangaji ana mlango wake.

Kazi kubwa ni kuweka mipaka. Mashine ya yule mshonaji ina memori ya GB 8, na Windows niliipa 4. Ukiipa karibu zote, Linux inakosa pumzi, na Linux ikikwama, Windows nayo imekwama, kwa sababu inaishi ndani yake. Intaneti niliikata kabisa upande wa Windows. Kudarizi hakuhitaji mtandao, na mfumo usiopata marekebisho ya usalama haufai kuzurura huko nje. Tukaacha folda moja ya pamoja, ya kupitishia faili za nembo.

Mipaka ya namna hiyo naijua hata nyumbani. Nina ndugu anayekunywa pombe. Kwa miaka mingi familia yetu ilibishana kana kwamba njia ni mbili: afukuzwe, au aachiwe nyumba nzima aivuruge. Nampenda, na sikuikubali hata moja. Sasa ana chumba chake uani, chenye mlango wake, chakula chake kiko, na mama yetu anamsalimia kila asubuhi. Karo ya watoto wake inakwenda shuleni moja kwa moja, haipiti mkononi mwake. Wapo wanaosema huo ni ukali. Mimi nasema bila mlango ule tungekuwa tumeshamfukuza zamani.

Wewe uliye na programu moja inayokuzuia, usikimbilie kununua kompyuta. Ingia kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uone kama VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imewashwa, au AMD-V kama prosesa ni ya AMD. Wakati mwingine utaikuta imezimwa. Nunua leseni halali ya Windows kwa ajili ya mashine hiyo pepe, maana ile iliyokuja na kompyuta kwa kawaida haihami nayo. Na faili ile kubwa ya diski, inakili kwenye diski nyingine kila wiki. Stima ikikatika katikati ya kazi, faili hiyo inaweza kuharibika, na ndani yake ndimo zilimo kazi zako zote.